Rekodi Iliyokuwa Chini ya Kibuyu

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si mtu mpole, na wateja wangu wote wanalijua hilo. Ukija saluni yangu pale Eldoret mjini, ukaanza kupiga domo wakati Odessa Pruitt anaimba, nitakuacha na kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama mpaka wimbo uishe. Mwanamke yule Mmarekani aliimba muziki wa soul kama mtu anayekukemea na kukubembeleza kwa pumzi moja. Alitoa LP saba tu maishani mwake. Kufikia Februari ya 1986 nilikuwa na sita, zimesimama kwenye rafu juu ya kioo, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni, na aliyezigusa na mikono ya mafuta alijuta kuzaliwa.

Ya saba ndiyo iliyoninyima usingizi. Niliisikia mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na tisa, nikipiga deki nyumba ya mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Amerika. Kava lake lilikuwa la manjano, Odessa amekalia sanduku la safari, viatu mkononi. Upande wa pili, wimbo wa pili. Nilisimama na ndoo mkononi nikaisahau sakafu. Maneno sikuyaelewa hata nusu, lakini nilijua siku ile kwamba sitaosha nyumba za watu mpaka nizeeke, na mwezi uliofuata nilikuwa nimeshaanza kujifunza kusuka. Mwalimu akarudi kwao, vitu vyake vikatawanyika, na wimbo ule sikuusikia tena. Nilikuwa nikiuimba nikichana watu nywele, ila kipande cha katikati kilinitoroka, na kila nilipofika pale nilikasirika upya.

Kulikuwa na mtu mwingine mmoja tu katika wilaya nzima aliyeitafuta rekodi hiyo, naye ni Kipngetich, mwalimu wa useremala. Mtu mrefu, mkimya, anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Nilimjua kwa miaka tisa na sikuwahi kumsikia akisema tafadhali. Mzungu wa mwisho alipouza vyombo vya shamba lake upande wa Kitale, nilifika saa mbili asubuhi nikamkuta Kipngetich anatoka na LP kumi na nne kifuani, akaniinulia kofia. Nami nililipiza. Mwenye baa moja kule Turbo alipotaka kuuza rekodi zake, nilimwambia Kipngetich ni Jumamosi, hali ilikuwa ni Ijumaa. Tulisalimiana vizuri sana barabarani, kama watu wanaopimana nguvu.

Basi, kadi ya harambee ililetwa saluni na mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule Cheptiret, mteja wangu wa kila wiki mbili. Mtu anayekuletea kichwa chake kila wiki mbili humnyimi. Walitaka madarasa mawili yawekwe mabati. Nikavaa rinda langu la kijani, nikajifunga leso, nikachukua pesa nilizoweka za kununua draya mpya ya nywele, maana baada ya harambee nilipanga kupitia dukani, nikaenda.

Walikuwa wamefunga turubai uwanjani. Mbele kulikuwa na jukwaa la wageni, na ubavuni mwa jukwaa, mahali pa heshima kabisa, liliegeshwa gari la mgeni wa heshima, Peugeot nyeupe iliyooshwa mpaka inaumiza macho. Jua la Februari lilikuwa limeamka vibaya. Kando kulikuwa na meza ya mnada: majogoo wawili wamefungwa miguu, keki, mkungu wa ndizi, sufuria mpya, na kibuyu kikubwa cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, kilicholetwa na Mama Jelagat, ajuza aliyewahi kuwa mpishi kwenye mashamba ya wazungu. Kila mtu aliyajua maziwa yake.

Mwenye maikrofoni alikuwa Kituyi, karani wa ushirika, mtu ambaye angeweza kuuza kivuli cha mti na mti wenyewe ubaki.

"Watu wa Cheptiret," alisema akikizunguka kile kibuyu, "hii maziwa haijalala siku moja ama mbili. Imelala mpaka ikaota ndoto. Nani anaanza?"

Akakiinua juu ili watu wakione. Na pale kilipokuwa kimekaa, mezani, nikaona rangi ya manjano.

Nilifikiri ni kitambaa. Nikasogea mbele, nikakanyaga mtu, sikuomba radhi. Ilikuwa pembe ya kava. Juu ya ile manjano kulikuwa na duara la alama ya kibuyu, na chini ya duara miguu mitupu ya mwanamke, na pembeni mwa miguu sanduku la safari. Odessa Pruitt alikuwa Cheptiret, amekaliwa na maziwa.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Angengoja mnada uishe, amfuate Mama Jelagat taratibu, aulizie hiki na kile. Mimi nilisikia sauti yangu mwenyewe ikipaa juu ya watu wote.

"Na hiyo ya chini yake?"

Kituyi akageuka. "Gani, Mama?"

"Hiyo kitu kibuyu ilikuwa imekalia."

Mama Jelagat akacheka kutoka kwenye benchi lake. "Wewe mtoto, hiyo naweka tu isichafue meza ya watu. Nilitoka nayo kwa nyumba ya mzungu, hata sijui nini iko ndani. Uza tu, Kituyi, shule ipate."

Kituyi akaichukua, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza yai, na mimi nikafumba macho. "Kuna sahani ndani," alitangaza. "Nyeusi. Si ya kulia chakula. Nani anaanza?"

Nikataja bei ya kuku mmoja. Watu wakaguna kwa mshangao. Kisha kutoka upande wa pili wa turubai sauti nzito ikataja bei ya kuku wawili, na sikuhitaji kugeuka. Niligeuka hata hivyo. Kipngetich alikuwa amesimama, kofia kichwani, macho yamekazia ile manjano.

"Mwalimu," nilimwambia mbele ya watu, "kaa chini."

"Hii ni harambee, Nduta," alijibu. "Hakuna mwenyewe."

Tukapanda. Tulipita kuku, tukapita keki, tukafika mbuzi. Wazee waliacha kuongea. Watoto waliokuwa wakichungulia majogoo walihamia kwetu. Kituyi alikuwa akitokwa na jasho la furaha, akimwelekezea mmoja mkono na kumpigia mwingine mguu chini. Nilisahau draya, nilisahau dukani, nilisahau kwamba nilikuja na adabu zangu. Nilipotaja bei ya mbuzi wawili, Kipngetich alifungua mdomo, akaufunga, akapapasa mfuko wa koti na kutazama chini.

"Mara ya kwanza," akasema Kituyi. "Mara ya pili. Imeenda kwa mama wa rinda ya kijani."

Makofi yaliyopigwa pale, hata siku ya harusi yangu sikuyapata. Nilitembea mpaka mezani miguu haigusi chini. Nikalipa, nikaishika. Nililigeuza kava nikasoma nyuma: upande wa pili, wimbo wa pili, ulikuwepo. Nilitaka kulia na kucheka, nilitaka kukimbia.

Sasa, kwa asiyejua mnada wetu wa harambee nimweleze. Ukinunua kuku pale, huondoki na kuku. Unanunua, unapigiwa makofi, halafu ama unamrudisha auzwe tena, ama unamzawadia mgeni wa heshima. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa mara tano kabla hajaondoka uwanjani. Hakuna sheria inayokukataza kubeba chako ukaenda, lakini watu watakutazama kama aliyeonekana akitia nyama ya harusi kwenye mkoba. Mimi nimehudhuria harambee tangu nikiwa msichana. Za makanisa, za zahanati, za kumpeleka mtoto wa jirani ng'ambo. Nimenunua keki ngapi na sikuonja hata moja.

Kituyi akanisogezea maikrofoni mdomoni. "Mama, unaenda nayo ama unasema nini?"

Na mimi, kichwa changu kikiwa ndani ya ule wimbo, nikasema kile nilichosema kila mara nilipowekewa maikrofoni mbele ya mdomo.

"Namzawadia mgeni wetu wa heshima."

Makofi yakalipuka tena. Nilikuwa nikitabasamu. Nilitabasamu mpaka Kituyi alipoitoa mikononi mwangu, na hata hapo vidole vyangu viliichelewesha kidogo. Akapanda nayo jukwaani. Mheshimiwa akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama mbele na nyuma, akampa dereva wake. Nikarudi kwenye benchi kama mtu aliyepigwa na rungu kisogoni. Nilimtafuta Kipngetich kwa macho. Alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani, ananitazama kwa mdomo wazi, na huruma iliyokuwa usoni mwake iliniudhi kuliko kama angenicheka.

Akaja akaketi kando yangu. "Nduta," alisema polepole. "Umefanya nini?"

"Usiniulize."

"Umepeana."

"Mwalimu, nimesema usiniulize."

Ndipo alipotazama mbele na uso wake ukabadilika. Akanigusa kiwiko. Dereva, kijana mmoja mnene aitwaye Ouma, alikuwa amefungua Peugeot, akailaza rekodi pale nyuma juu ya viti, chini ya kioo kabisa, kava la manjano likitazama mbinguni. Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni, na kuelekea jikoni kulikotoka harufu ya nyama.

Saa ilikuwa sita na robo. Jua lilikuwa utosini. Mtu yeyote anayeweka rekodi anajua kitu kimoja hata kama hajui kingine: jua na kioo, nusu saa, na sahani inajikunja kama chapati iliyosahauliwa. Na Mheshimiwa ndiyo kwanza alikuwa amesimama kuhutubia. Enzi zile mkubwa akihutubia huinuki hata kama unaketi juu ya siafu. Chifu alikuwa pembeni na fimbo yake, askari wawili nyuma. Akatusalimu, tukainua kidole kimoja sote, salamu ya chama, akaanza na historia ya elimu tangu mkoloni.

Dakika kumi nilivumilia. Niliona kioo cha nyuma kikimetameta. Nilijiona nikisikia ile sahani ikilia mle ndani.

"Ikae kwake," nilimnong'oneza Kipngetich. "Sawa, ni yake. Lakini isife."

"Hakuna nyingine," alisema. "Nimeandika barua mpaka Nairobi, mpaka London. Hakuna."

Tukatazamana. Miaka tisa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tunataka kitu kimoja kwa namna moja. Nikainuka.

Nilipita nyuma ya turubai nikiinamisha kichwa, kama mama anayekwenda haja, nikazunguka mpaka kwenye gari. Nikafungua leso yangu nikaitandaza juu ya kile kioo. Upepo wa Cheptiret ukaichukua, ukaitupa kwenye waya za ua. Nikaifuata, nikaitandaza tena, ikaruka tena. Kipngetich akatokea akiwa amevua koti. Nalo likateleza. Kutoka pale mpaka kwenye kivuli cha mikalatusi zilikuwa hatua kama ishirini, mteremko mdogo, moja kwa moja.

Aliinama akatazama magurudumu. Ouma alikuwa ameweka jiwe mbele ya gurudumu, kama madereva wengi wa kwetu, maana breki ya mkono ilikuwa ya mapambo.

"Nitoe?" akaniuliza.

"Unangoja nini, Mwalimu?"

Akalitoa. Tukaweka mabega. Peugeot ilikataa kwanza, kisha ikakohoa mahali fulani chini na kuanza kusogea. Na hapa nitawasifu watu wangu. Kwetu mtu akiona gari linasukumwa haulizi ni la nani wala linaenda wapi, anaweka bega. Mzee mmoja akaja. Vijana watatu wakaja. Askari mmoja akaegemeza bunduki yake kwenye ua akaja pia, akaanza kutupangia, "Pamoja, pamoja." Mwishoni tulikuwa watu kumi na wawili, na gari la mgeni wa heshima lilipita mbele ya jukwaa polepole, bila dereva, likielekea mikalatusini, wakati mwenyewe akiwa amefika mwaka wa 1963.

Mheshimiwa akanyamaza. Tukalisimamisha kivulini, Kipngetich akaweka jiwe, na ndipo kila mtu alipogundua kwamba hakuna aliyejua kwa nini alisukuma. Wote wakanitazama mimi.

"Gari yangu," ilisema sauti kwenye spika, "inaenda wapi?"

Askari alikuwa amerudi kwenye bunduki yake na kusimama wima. Chifu alikuwa akija mbio. Nilijifuta mikono kwenye rinda, nikasogea mpaka mbele ya jukwaa, kwa sababu kukimbia kungekuwa kubaya zaidi.

"Ni jua, Mheshimiwa," nilisema. "Ile zawadi iko kwa dirisha. Ikishika joto inaharibika."

Uso wake ukalainika. Akageukia watu. "Mnaona huyu mama? Amenipa zawadi, na bado anailinda. Huyo ndiye mwananchi. Mama, hiyo kitu nitaiweka kwa ukuta, sitting room, kila mgeni aione."

Makofi. Ukutani. Odessa Pruitt akatundikwe ukutani karibu na kalenda, asisikike tena mpaka Kiama. Ningeweza kusema asante nikaketi. Kila mtu mwenye busara pale alikuwa akiniombea niseme asante niketi. Lakini hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo, na haikuwa hasira juu yake, ilikuwa juu ya mdomo wangu mwenyewe.

"Mheshimiwa, naomba kusema ukweli. Sikutaka kukupa."

Nilimsikia Mama Jelagat akiita jina la Mungu kwa Kinandi.

"Nilizoea kusema vile," nikaendelea, na sasa hata kama ningetaka kunyamaza nisingeweza. "Tunasemanga hivyo kila harambee. Mdomo ulisema peke yake. Hiyo rekodi nimeitafuta miaka kumi na miwili. Kuna wimbo ndani, nilikuwa naosha sakafu ya mtu nikiusikia, na hiyo siku ndiyo nilijua naweza kuwa mtu. Nimeusahau katikati. Ukiiweka kwa ukuta sitaujua tena mpaka nife. Unaweza kunikasirikia, lakini huo ndio ukweli."

Siku zile hukucheka mpaka mkubwa acheke, na mkubwa alikuwa akinitazama tu, kidole kimegusa maikrofoni.

Kisha akacheka. Alianza kidogo, akaendelea mpaka akashika meza, na turubai zima likamfuata kwa shukrani, hata chifu.

"Mimi nimepewa vitu mingi," alisema akijifuta macho, "na leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiambia hakutaka. Lakini sikiza, mama. Nikikurudishia ya bure nimenyima hawa watoto mabati. Ouma, leta hiyo kitu. Kituyi, uza tena. Anayeitaka aitake na pesa."

Furaha iliyonipanda ilishuka palepale. Nilifungua pochi. Pesa ya draya ilikuwa imeshaenda mezani. Ilibaki nauli ya kurudi mjini na sarafu chache za chumvi.

Kituyi akaipokea kutoka kwa Ouma, akainyanyua. Sasa haikuwa tena kitu kilichokaliwa na kibuyu. Kila mtu alikuwa ameisikia hadithi yake, na hata wafanyabiashara wa viti vya mbele walikuwa wameinua shingo.

"Nani anaanza?"

Nikataja nauli yangu. Sauti ilitoka ndogo sana.

Kituyi alikuwa na sifa moja aliyoilinda kuliko nywele zake: hakuna kitu kilichowahi kumtoka mkononi kwa bei rahisi. Akaniangalia kwa uchungu wa kweli. "Nauli," alirudia. "Nani anaongeza?"

Hakuna aliyeongeza. Mfanyabiashara mmoja akakohoa, na mkewe akamshika goti. Nikageuka kumtazama Kipngetich. Nilijua ana pesa. Aliacha kupanda kwenye mbuzi wawili, lakini kati ya mbuzi wawili na nauli yangu kuna nafasi ya mtu kupita na trekta. Neno moja tu lilihitajika. Nilimchukia kabla hajalisema. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mkono wake wa kulia ameukalia, na niliona bega lake likicheza.

"Mara ya kwanza," akasema Kituyi. Akangoja. "Mara ya pili." Akangoja zaidi, halafu akashindwa kuvumilia. "Mwalimu Kipngetich, wewe si ulikuwa unaitaka?"

Watu wote wakamgeukia. Majogoo wakawika mara mbili.

"Mimi nimechoka kusukuma gari," alisema.

Turubai zima likaangua kicheko, na Kituyi akaipiga meza kwa kiganja. Niliichukua mikononi, na safari hii maikrofoni iliponikaribia niliifunika kwa mkono na kurudi kwenye benchi langu. Sikumbuki hotuba iliyobaki. Inawezekana tulifika hata mwaka wa 1970.

Nauli ya kurudi alilipa Kipngetich, bila kuombwa na bila kusema neno. Saa kumi na moja tulikuwa saluni. Nilifunga mlango, nikageuza kibao. Nilikuwa nimepanga kwa miaka kumi na miwili kwamba siku hiyo nitaketi peke yangu, na hadi tulipofika mlangoni bado nilikuwa natafuta namna ya kumwambia aende zake.

"Ulikuwa unaikumbuka vipi?" nilimuuliza nikinawa mikono. "Huo wimbo. Wewe uliusikia wapi?"

"Sijawahi kuusikia," alisema.

Nikageuka, maji yananitiririka viwikoni.

"Nilisoma tu jina nyuma ya zile zingine," akaeleza. "Wameandika LP zote saba. Nikasema, huyu mama akiimba hizi namna hii, hiyo imebaki iko aje? Basi nikaanza kutafuta. Wewe angalau ulishausikia."

Nikafunga mfereji. Mtu huyu alikuwa ameukalia mkono wake kwa ajili ya wimbo ambao hajawahi hata kuusikia. Nikamwekea kiti cha wateja, kile kizuri, nikamgeuzia kuelekea kwenye spika.

Nikaitoa sahani, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha tukaitazama kutoka ubavuni. Ukingo ulikuwa umeinuka upande mmoja. Si sana, lakini ulikuwa umeinuka. Nikaiweka upande wa pili juu. Wimbo wa kwanza sindano ilirushwa kila mzunguko, Odessa akawa anaanza neno na kumaliza jingine, na Kipngetich akavua kofia akaikunja magotini. Sindano ikapanda na kushuka, ikapanda na kushuka, ikaingia ndani zaidi ambako jua halikufika, ikatulia.

Wimbo wa pili ukaanza.

Kile kipande cha katikati nilichokisahau hakikuwa na maneno. Ndiyo maana kilinitoroka. Anaacha kuimba, anavuta pumzi unayoisikia kabisa, ngoma zinamngoja, halafu anarudi juu kuliko alipokuwa. Nilijishika kwenye sinki. Nilikuwa na furaha nyingi mno kwa saluni ndogo kama ile. Kipngetich alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, kofia imeanguka sakafuni kwenye nywele za watu na hajui.

Ulipoisha, sindano ikaanza kuingia wimbo wa tatu.

"Rudia," alisema.

"Sema tafadhali."

Akaniangalia. Mashavu yalikuwa yamelowa na hakujaribu kuyaficha.

"Tafadhali, Nduta."

Nikainua sindano, nikairudisha nyuma.